Kabla ya Kuwatoa Vifaranga Nje

Kati ya maswali yote yanayoletwa kwa safu hii na watu wanaofuga kuku kwa mara ya kwanza, hakuna linalorudi mara nyingi kama hili: "Vifaranga wangu wana wiki tatu na wamechafua nyumba. Je, niwatoe nje?" Mama mmoja wa Kihunguro, Ruiru, ameongeza kwamba mumewe amempa hadi Jumamosi. Siku hiyo ikipita, ama vifaranga watahama, ama mzee mwenyewe atahama.

Mzee huyo tunamwelewa. Vifaranga 100 wa wiki tatu ni vumbi, ni harufu, na ni kelele kuanzia alfajiri. Hata hivyo, tungemwomba avumilie kidogo. Hasara kubwa tunazosikia Thika na Ruiru haziji wiki ya kwanza, wakati kila mtu nyumbani anaamka usiku kuangalia taa. Huja baadaye, vifaranga wanapoonekana wakubwa, wanapoanza kurukaruka na kupigana vifua, na mwenyewe anapoamua kuwa sasa wamekuwa kuku. Huwatoa Jumamosi, mvua hunyesha usiku, na Jumapili asubuhi watoto hukuta rundo pembeni mwa banda.

Kifaranga huanguliwa akiwa na manyoya laini sana, yale yaitwayo malaika. Malaika hayazuii baridi na yakilowa hayafai kitu. Katika wiki mbili za kwanza mwili wake hauwezi kujipasha moto vya kutosha, ndiyo maana kuku mama hutumia siku nzima akiita watoto wake chini ya mbawa, kuwaachilia dakika chache, kisha kuwaita tena. Wewe uliyenunua vifaranga wa siku moja umechukua kazi ya kuku huyo, pamoja na zamu yake ya usiku. Manyoya ya kweli huanza kutokeza kwenye mbawa, kisha mkia, kisha mgongo na kifua. Ya shingoni na chini ya mbawa huchelewa. Basi usitazame kalenda peke yake. Mshike kifaranga, pindua ubawa, angalia kifua na shingo. Ukiona ngozi au malaika, huyo bado ni wa ndani, hata kama jirani amekuambia wake walitoka wakiwa na wiki tatu.

Kwa kuku wa gredi na wale kienyeji walioboreshwa, manyoya hukamilika kati ya wiki ya tano na ya sita. Huku kwetu Thika na Ruiru, tulio kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, tungesema wiki sita kwa kulala nje wakati wa joto, na saba au hata nane ikiwa ni Julai, pale mawingu yanaposhuka na manyunyu yasiyoisha. Mtu wa Mombasa anaweza kuwahi zaidi. Wa Limuru na angoje.

Hapa ndipo inafaa kuzungumzia jambo ambalo wazazi wengi hawalihesabu, nalo ni shule. Aghalabu vifaranga hununuliwa siku ya kwanza ya likizo ili watoto wapate shughuli na waache kutazama televisheni. Wazo ni zuri. Lakini likizo ya Aprili na ile ya Agosti ni za wiki tatu hivi. Watoto wanarudi shuleni vifaranga wakiwa katika umri mbaya kabisa, si wadogo wa kukaa sandukuni wala si wakubwa wa kutoka, na kazi yote inamwangukia mama au msichana wa kazi ambaye hakuulizwa. Tena likizo ya Aprili ni katikati ya masika, na ya Agosti ni katika baridi.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo inayofaa. Ukiwachukua mwanzo wa Novemba, mvua za vuli zinanyesha vifaranga wakiwa ndani chini ya taa, ambapo hazina madhara kwao. Katikati ya Desemba wana wiki sita, mvua nazo zimeanza kupungua. Januari watoto wanaporudi darasani, kuku wameshazoea banda na kazi imebaki ya asubuhi na jioni tu. Na kwa kuwa kuku wa gredi huanza kutaga akiwa na wiki 20 hivi, mayai ya kwanza huja karibu na likizo ya Aprili, watoto wapo kuyaokota.

Idadi je? Vifaranga huuzwa kwa masanduku ya 100, na hilo huwafanya watu wafikiri kwamba 100 ndiyo idadi ndogo kuliko zote. Sivyo. Familia mbili au tatu za ploti moja zinaweza kugawana sanduku. Kila mtu wa Kiambu anakijua kisa cha marehemu Nelson Muguku wa Kikuyu, mwalimu aliyeacha chaki katika miaka ya 1950 akawa mfugaji mkubwa wa kuku nchini hadi alipofariki 2010. Wanaosimulia kisa hicho wakiwa wameagiza vifaranga 500 husahau sehemu moja: alianza na kuku wachache wa kuhesabika kwa vidole.

Kuhusu bruda yenyewe hatutakawia, kwani tumeieleza hapa mara kadha. Iwe ya duara. Kadibodi au plaiwudi iliyokunjwa inatosha, almuradi isiwe na pembe, kwani vifaranga wakishikwa na baridi hukimbilia pembeni, hupandana, na wa chini hufa kwa kukosa hewa. Sakafuni mwaga maranda makavu ya seremala, unene wa kama inchi mbili au tatu. Siku mbili za kwanza tandika magazeti juu yake ili wasile maranda badala ya chakula (gazeti hili pia linakubalika, ukishalisoma), kisha uyaondoe, maana karatasi huteleza na miguu ya vifaranga hutanuka ikaharibika. Wape maji kabla ya chakula, na uchovye midomo ya wachache ili wengine waige. Weka vijiwe safi ndani ya chombo cha maji wasizame.

Joto wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Kipimajoto ni kizuri, lakini vifaranga wenyewe wanasema. Wakisongamana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukutani na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika, wengine wakila, wengine wamelala miguu imenyooka kana kwamba wamekufa, usiogope, hao wanastarehe.

Jambo ambalo hatutalipita haraka ni jiko la makaa. Stima hupotea, na hata isipopotea, wengi huona taa ya joto inakula tokeni upesi. Kwa hiyo huwasha jiko au chungu cha makaa na kukiweka katikati ya bruda. Kwenye banda lenye madirisha hiyo ni njia ya miaka mingi na haina ubaya. Lakini mfugaji wa mara ya kwanza hana banda. Ana chumba kimoja cha kulala, au ana bedsita Juja karibu na chuo kikuu, na vifaranga 50 wako kati ya kitanda na mlango. Usiku ni baridi, kwa hiyo anafunga dirisha, anaziba chini ya mlango kwa gunia ili vifaranga wasipigwe na upepo, anaweka jiko, analala.

Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Makaa yaliyokolea na kuwa mekundu, yale ambayo watu husema "yameshakuwa safi", huitoa vilevile. Mtu huanza kuumwa kichwa, hulegea, husinzia, na aliyelala haamki. Kila msimu wa baridi nchini tunasoma habari za familia zilizokutwa hivyo. Hakuna kifaranga wa thamani hiyo. Sheria ni moja: palipo na jiko la vifaranga, mtu asilale, na mtu alalapo, jiko la vifaranga lisiwepo. Wewe mwanafunzi wa bedsita, ikiwa huna stima ya kutegemea, tumia bruda isiyo na moto. Ni sanduku dogo lililozungushiwa nyasi kavu au matambara kwa ndani, limefunikwa kwa blanketi kuukuu lenye nafasi za kupitisha hewa, vifaranga 20 au 30 wakijipasha kwa joto la miili yao usiku, na mchana wakitolewa kwenye uwanja mdogo kula na kunywa. Lisiwe kubwa kupita idadi yao, la sivyo joto halikai. Nalo likaushwe kila siku, kwani unyevu humo ndani huwa mwingi.

Sasa tuje kwenye kutoka. Kutoka kuna awamu, na kosa la wengi ni kulifanya tendo la siku moja.

Kuanzia wiki ya tatu, siku ya jua, saa sita mchana, nyasi zikiwa zimekauka umande, watoe kwa saa moja. Wawekee kizimba kidogo cha wavu kisicho na sakafu, chenye kivuli upande mmoja, na maji. Mtu akae hapo. Kazi hii ndiyo ya watoto, nao huipenda. Mawingu yakikusanyika, wote ndani. Siku inayofuata saa moja na nusu, kisha mbili. Wiki ya nne na ya tano wanaweza kushinda nje tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, hali ikiwa nzuri. Wakati huohuo, ndani unazima taa mchana kwanza, kisha unaizima sehemu ya usiku, hadi wanapolala siku tano au sita bila joto lolote wala kusongamana. Kifaranga ambaye bado anahitaji taa sebuleni hawezi kulala kwenye banda la mabati.

Manufaa ya kuwatoa kidogo kidogo hayako kwenye baridi pekee. Ardhi ambayo kuku wengine wamekanyaga huwa na vijidudu vya ugonjwa wa kuhara damu, ambao madaktari wa mifugo huuita koksidiosisi. Vijidudu hivyo hustawi kwenye joto na unyevunyevu. Kifaranga akionja vichache kila siku mwili wake hujifunza kuvikinga. Akitupwa ghafla kwenye uwanja wenye matope ya kuku wa mwaka jana, hulemewa. Dalili ni kusimama peke yake manyoya yamevimba, mbawa zimelegea, na kinyesi chenye rangi ya damu. Dawa ya amproliamu ya kutia kwenye maji inapatikana kwenye agroveti, lakini ianze siku hiyohiyo, maana kesho huwa wameshakuwa wengi. Chagua basi kipande cha ploti ambacho kuku hawajakaa, na uhamishe kizimba kila baada ya siku chache. Vyombo vya maji visiwe vya kumwagika. Panapolowa, fagia maranda hayo na uweke makavu.

Kuku wakubwa na wawe mbali. Watawadonoa, na pia wanaweza kubeba magonjwa wasiyoyaonyesha. Wachanganye wakishakaribiana kimo, na hata hivyo kupitia wavu kwanza ili wazoeane kwa macho.

Adui wa mchana ni mwewe. Nyanya zetu hawakumwogopa sana kwa sababu kuku walishinda chini ya mikahawa na migomba, ambamo mwewe hawezi kupiga mbizi. Nyingi za ploti mpya za Ruiru na viunga vya Thika zilikuwa mashamba ya kahawa. Mikahawa imeng'olewa, imebaki murramu na ukuta wa mawe, na kifaranga juu ya murramu huonekana kutoka mbinguni kama sarafu mezani. Funika kizimba kwa wavu juu pia, au angalau uvute kamba za nailoni zikipishana. Mpasheni uliotambaa juu ya wavu utakupa kivuli na matunda. Usitegemee sukuma wiki ziwe kivuli. Wataila yote kabla ya Jumatano.

Adui wa usiku ni wengi zaidi. Wavu wa kawaida wa kuku humzuia kuku kutoka, haumzuii panya kuingia, na panya mmoja anaweza kubeba vifaranga kadha kwa usiku. Futi mbili za chini weka wavu wa matundu madogo ya nusu inchi, na uuzike kidogo ardhini kwa ajili ya nguchiro na paka. Wakati wa mvua kuna siafu. Hao hawaogopi mlango. Kuku wakubwa walio huru hukimbia siafu, lakini vifaranga waliofungiwa ndani hawana pa kwenda, na asubuhi hukuta mtu manyoya na mifupa. Banda lililoinuliwa kwa miguu, kila mguu ndani ya mkebe wenye oili chafu ya gari, ni kinga rahisi. Kama banda liko chini, mwaga jivu jingi kulizunguka, na ulirudie kila mvua inapolilowesha.

Siku ya kuhama kabisa iwe asubuhi, wapate mchana mzima kulijua banda. Walio wadogo hawajui kuingia ndani giza linapoingia. Watarundikana nje kwenye kona iliyo karibu, hata mlango ukiwa wazi mbele yao. Usikasirike. Washike mmoja mmoja kwa tochi na kuwaweka ndani, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kufikia wa nne au wa tano wengi huingia wenyewe. Usiku huo wa kwanza amka mara moja uwaangalie. Ukikuta wamepandana, watawanye kwa mkono na uzibe upepo kwa gunia upande unakotoka, bila kuziba juu, maana harufu kali ya mkojo wa kuku nayo huwaharibu macho na mapafu.

Chakula usikibadilishe wiki hiyo. Waendelee na chakula cha vifaranga, kile cha chiki mashi, hadi wiki ya nane. Kila mmoja atakuwa amekula kilo mbili hivi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo 100 wanahitaji kama magunia matatu ya kilo 70 kwa muda huo. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua vifaranga, si baada. Baada ya hapo changanya polepole na cha kuku wanaokua. Cha kuku wa kutaga usiwape hata kikiwa kimebaki kwa jirani, kwani madini ya chokaa yaliyomo ni mengi mno na huharibu figo za kuku mchanga.

Mwisho ni chanjo, ambayo ni lazima iwe imefanyika kabla ya kutoka. Ya Mareki hudungwa kwenye kituo cha kutotolea mayai, siku ya kwanza. Uliza kama wamedungwa. Ya Gumboro hutolewa katika wiki ya pili na kurudiwa wiki ya tatu, na ya kideri kufikia wiki ya tatu, kisha hurudiwa karibu wiki ya nane. Ratiba kamili mwombe daktari wa mifugo wa eneo lako. Kideri kikiingia kwenye kuku wasiochanjwa huwa hakibakishi cha kusimulia, na nje ndiko kiliko, kwa kuku wa majirani na kwa viatu vya wageni.

Chanjo ya kunywa ni kitu hai na hufa kwa joto. Ibebe kutoka agroveti ndani ya chupa ya chai yenye barafu, si mfukoni kwenye matatu ya Thika Road. Maji ya bomba ya miji yetu hutiwa dawa ya klorini, nayo huua chanjo kama inavyoua vijidudu. Tumia maji ya mvua au ya kisima, au uyaache ya bomba wazi usiku kucha na kuongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, ili wayamalize yenye chanjo ndani ya saa mbili. Chupa moja kwa kawaida hutosha kuku 100 au zaidi na ikishafunguliwa haiwekwi. Mwenye vifaranga 30 asiache kuchanja kwa sababu hiyo. Aulize nani mwingine kwenye korti ana vifaranga wa umri huo, wachange, na wachanje asubuhi moja.